Sanrufu Ikivuja, Silikoni Iweke Kando

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar es Salaam, na masika yakianza napata kazi ambazo kwa haki si zangu. Gari linaletwa kwa sababu taa ya eabegi (mfuko wa hewa wa kukinga abiria kwenye ajali) haizimiki, au king'ora kinalia chenyewe saa nane usiku. Nikiinua kapeti ya upande wa abiria, sponji ya chini imelowa chapachapa. Mwenye gari anaapa kwamba vioo vilikuwa vimefungwa. Kweli vilikuwa vimefungwa. Maji yamepita kwenye sanrufu, kile kioo cha paa kinachofunguka, tena mara nyingi sanrufu yenyewe imeshapakwa silikoni pande zote kama dirisha la bafu.

Ule mpira unaozunguka kioo haukuwekwa uzuie maji yote. Kazi yake ni kuyapunguza. Yanayopenya yanaangukia kwenye fremu yenye kingo, mfano wa sinia, inayozunguka tundu la paa. Fremu hiyo ina matundu kwenye kona, kwa kawaida manne, na kila tundu lina bomba jembamba. Mabomba ya mbele yanashuka ndani ya nguzo za kioo kikubwa na kutokea karibu na bawaba za milango au nyuma ya plastiki ya madigadi. Ya nyuma yanapita nguzo za nyuma na kutokea kwenye bampa au matao ya tairi. Kwa hiyo hata sanrufu isiyo na hitilafu huingiza maji kila mvua inaponyesha, ila wewe huyaoni kwa sababu yana njia ya kutokea. Ukiyaona ndani, anza kushuku mabomba. Mpira ufuate baadaye.

Kabla ya yote, hakikisha ni sanrufu kweli. Kama upande wa abiria unalowa hata kiangazi, na AC inatumika, huenda ni bomba la maji ya AC limeziba. Maji yenye rangi na utelezi, yenye harufu ya utamutamu, ni ya rejeta, na hayo ni mambo mengine. Ya sanrufu huja baada ya mvua au baada ya kuosha gari, na huacha alama: kitambaa cha dari kina doa la rangi ya chai, au nguzo ina michirizi. Ukifunga breki maji yakakumwagikia kutoka kwenye taa ya ndani au vikinga-jua, fremu imejaa na kona za mbele hazipitishi. Yakimwagika nyuma unapopanda mlima, angalia za nyuma.

Sasa kipimo. Egesha sehemu tambarare, fungua sanrufu mpaka mwisho, futa fremu kwa kitambaa kibichi. Utashangaa kinachotoka humo. Kwa wanaoegesha chini ya mkrismasi, vile vijani vyake vidogo ndivyo vinavyoongoza, vinashikana na vumbi na kuwa tope. Mwarobaini nao si haba. Chukua chupa ya maji ya kunywa, mimina taratibu kona moja, kiasi cha kikombe, huku mtu mwingine akichungulia chini ya gari upande huohuo. Maji yakitoka mara moja kwa mkondo, kona hiyo nzima. Yakitiririka kwa kusuasua, imeanza kuziba. Yakisimama, imeziba. Na yakiondoka juu lakini chini hayaonekani, acha kumimina hapohapo, maana bomba limechomoka au limepasuka na unayamwaga ndani ya gari. Ndiyo maana nasema kikombe. Kuna watu wanaofanya kipimo hiki kwa mpira wa bustani.

Kuzibua, mimi natumia uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia nyasi. Ni mgumu kiasi cha kusukuma uchafu, ni laini kiasi cha kutotoboa bomba. Lainisha ncha kwa moto wa kiberiti iwe duara, ingiza kutoka juu, zungusha huku unasukuma. Usitumie waya wa kuanikia nguo. Na kompresa ya gereji ya matairi usiipulizie kwa nguvu yote kutoka juu: presha ile huchomoa bomba kwenye fremu, na hapo tatizo la nusu saa linageuka kazi ya kushusha dari. Ukilazimika, punguza upepo na upulize kutoka chini kwenda juu.

Uzi ukipita na maji bado yanasuasua, tafuta mdomo wa chini. Magari mengi yana kimpira chenye mpasuo pale mwisho, cha kuzuia vumbi na wadudu. Tope hujaa hapohapo. Kibinye kwa vidole, kitatema.

Bomba lililochomoka linadai kufungua plastiki ya nguzo. Nyuma yake kwenye magari mengi kuna eabegi ya pazia, ile inayoshuka kufunika vioo vya pembeni, kwa hiyo zima gari, toa waya hasi wa betri, subiri angalau dakika kumi ndipo uguse. Kama hujawahi, mpe fundi. Bomba likirudishwa, lifungwe kwa kibanio. Gundi peke yake haidumu kwenye joto la paa.

Mpira nao una siku zake. Funga kioo juu ya kipande cha karatasi, kivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira umelala pale, au kioo hakijakaa sawa na paa. Kurekebisha kioo ni skrubu chache za pembeni. Mpira uliochanika hubadilishwa.

Silikoni nimeiacha mwisho kwa sababu inaniudhi. Inaonekana kuponya mvua mbili tatu, halafu paa linacheza, inabanduka, na vipande vyake vinaenda kuziba mabomba. Mtu akibonyeza kitufe kwa bahati mbaya, mota inavuta kioo kilichogandishwa na unanunua mota.

Baada ya kuzibua, usifunge gari ukidhani imekwisha. Sponji ya chini ya kapeti hukaa na maji wiki nzima huku juu pakionekana pakavu. Inua kapeti, weka kipande cha mbao chini yake, acha milango wazi juani. Kagua soketi za nyaya chini ya viti: ukiona chumvi ya kijani, betri ikiwa imetolewa, safisha kwa spirei ya kusafishia soketi na brashi laini. Zile za njano ni za eabegi, usizichokoe kwa taa ya kupimia. Mpelekee anayezijua.