Namna ya kuokoa kumbukumbu za safari zenu kabla hamjaanza kubishana

Mimi na mzee wangu tumezunguka nchi hii tangu tulipooana mwaka 1979, kwanza kwa Peugeot 404 kuukuu, baadaye kwa gari moshi, mabasi na hata malori, watoto watatu wakiwa mapajani. Mwaka jana nilivuta sanduku la picha kutoka chini ya kitanda hapa Buruburu, Nairobi, nikakuta nusu yake sijui tulikuwa wapi. Kuzipanga kumenichukua miezi minne. Haya ndiyo niliyojifunza, mengine kwa kuharibu.

Albamu kwanza. Kama zenu ni zile za kurasa zenye gundi na nailoni juu, usibandue picha kwa kucha. Mimi nilifanya hivyo, na mguu wa kifungua mimba wangu ukabaki kwenye ukurasa. Chukua uzi wa kusafishia meno, ukate urefu wa mkono, uupitishe nyuma ya picha kuanzia pembe ya juu, kisha uuvute huku na huku polepole kama msumeno. Uzi wa kushonea hukatika. Picha ikikataa kabisa, iache, uipige kwa simu hapo hapo ilipo.

Kupiga picha ya picha ni rahisi: kitambaa cheusi, karibu na dirisha, asubuhi, jua lisiifikie moja kwa moja. Zima taa ya simu. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini bila kukandamiza, maana wino wa biki hupenya ukatokea usoni mwa watu.

Sasa tarehe, na hapa ndipo ndoa hupimwa. Mzee alishikilia kwamba tulikwenda Voi mwaka 1981. Mimi nikasema 1980. Msibishane, tafuteni jambo lililoshuhudiwa na kila mtu. Tulikwenda Voi kuona jua likipatwa, na jua lilipatwa kule Jumamosi, tarehe 16 Februari 1980. Saa sita mchana ilikuwa bado, giza likashuka. Kuku wa mama aliyetuuzia chai wakapanda juu ya kibanda kulala. Mume wangu akanishika mkono kwa nguvu hadi pete ikaniumiza, jambo analolikana mpaka leo.

Vitu vingine vinavyotaja tarehe bila upendeleo: kadi za kliniki za watoto, logibuku ya gari, sare ya shule aliyovaa mtoto. Picha yoyote yenye vitanda vya daraja la pili vya treni ya usiku ya Mombasa ni ya kabla ya SGR, reli mpya ya Nairobi hadi Mombasa, kuanza mwaka 2017. Risiti na tiketi za karatasi laini zipige picha leo hii, maandishi yake hufifia.

Safari isiyo na picha ndiyo inayotaka kazi zaidi. Mwaka 1988 tulikwenda Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, tukipitia Maralal, Baragoi na South Horr, nyuma ya lori la mizigo, mimi nikiwa na mimba ya miezi minne. (Mama mkwe hakuambiwa.) Roli nzima ya picha 36 ilipotelea katika studio moja ya mjini. Kwa hiyo tulirekodi sauti. Usimwambie mzee, "Hebu nieleze safari ya Turkana." Atakujibu: tulikwenda, tukarudi. Muulize mlikula nini. Mimi nilimpa bakuli la njegere aambue, nikaiweka simu nyuma ya chupa ya chai, nikauliza. Akasema, "Mkate wenye mchanga." Kisha akaongea dakika arobaini: upepo wa ziwani ulivyong'oa hema letu usiku, alivyolikimbilia akiwa na kiatu kimoja, vijana wa pale walivyolikamata na kulirudisha wakicheka. Runinga izimwe, la sivyo utarekodi taarifa ya habari.

Kila mmoja arekodiwe peke yake. Mkiwa pamoja, mwenye sauti kubwa hushinda. Katika daftari letu ukurasa wa kushoto ni wa mzee na wa kulia ni wangu, na hakuna ruhusa ya kusahihisha upande wa mwenzako. Kwake hema lilikuwa la kijani. Kwangu lilikuwa la bluu, na lilikuwa la bluu.

Kuhifadhi: majina ya faili yaanze na mwaka, halafu mahali. Nakala moja kwenye simu, moja kwenye flashi, nyingine kwa mtoto asiyepoteza vitu.

Kitinda mimba wetu alikuja Jumapili, akasoma kurasa za Loiyangalani, akasema ule upepo anaukumbuka vizuri. Kadi yake ya kliniki inasema alizaliwa miezi mitano baada ya safari. Nimemwachia mistari mitatu chini ya ukurasa wangu.