Namna ya Kutengeneza Dirisha la Boti Linalovuja

Dirisha la kabini likianza kuvuja, jambo la kwanza ambalo wengi hulifanya ni kununua tyubu ya silikoni na kuipaka kwa nje, kuuzunguka ukingo wote wa fremu. Kwa wiki chache kazi hiyo huonekana imefaulu, kisha maji hurudi, kwa sababu silikoni haishiki juu ya chumvi na mabaki ya gundi ya zamani. Baya zaidi ni kwamba maji yakishapata upenyo nyuma ya utando huo hunaswa humo, na kidogo kidogo huozesha plaiwudi iliyo ndani ya ukuta wa faiba. Tiba ya kudumu ni kulitoa dirisha, kukausha na kusafisha mahali linapokaa, na kulipachika upya. Katika pwani yetu, wakati unaofaa ni kaskazi, Januari au Februari, mvua za vuli zikiwa zimekwisha na masika hayajaanza. Atakayengoja kusi ishike, maji yakawa yanarushwa juu ya kabini kila safari, hatapata ukuta mkavu wa kufanyia kazi.

Kabla ya kung'oa chochote, hakikisha kwamba ni dirisha kweli linalovuja. Bolti za reli ya juu ya kabini huvuja mara nyingi, na maji yake hushuka nyuma ya ubao wa ndani yakatokeza kwenye kona ya dirisha, dirisha likasingiziwa. Fungua ubao wa ndani, futa kila kitu kikauke, kisha mtu mmoja abaki ndani na tochi huku mwingine akimwaga maji kwa mpira akiwa nje. Aanzie chini ya fremu, akae hapo dakika kadhaa, ndipo apande polepole kuelekea juu. Akianza juu, maji yatateremka kila mahali na hamtajua yalipoingilia. Ikiwa dirisha ni la kusukuma, chunguza vitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya reli yake ya alumini. Vitundu hivyo huzibwa na mchanga na chumvi, maji yakajaa kwenye reli na kufurika ndani, na katika hali hiyo sindano nene na maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, vyatosha kumaliza tatizo lote.

Ukishathibitisha kwamba uvujaji uko kwenye fremu, legeza skrubu zote, kisha pitisha kisu chembamba kati ya fremu na ukuta ukiikata gundi taratibu. Usikubali kushawishika kuchokonoa kwa bisibisi, kwani alumini hupinda na kioo hupasuka kwenye kona. Gundi ikiwa ngumu, liache jua la saa sita liilainishe. Ikiwa boti iko majini, mtu alishike dirisha kutoka nje.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Dunga kingo za tundu la ukutani kwa ncha ya msumari: mbao nzima hukataa, iliyooza humeza msumari na huwa nyeusi. Kwangua sehemu yote iliyooza hadi ufikie mbao ngumu, kisha osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi iliyobaki huvuta unyevu wa hewa na mbao haitakauka kamwe. Iache ikauke kabisa, hata ikichukua siku kadhaa, halafu jaza pengo kwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayoganda ikawa ngumu, ikiwa imekorezwa iwe nzito, na usawazishe kwa msasa. Mabaki ya silikoni ya zamani yaondolewe yote, kwa sababu silikoni mpya haishiki juu ya ile ya zamani. Faiba na alumini zifutwe kwa spiriti. Kioo cha plastiki kisiguswe kwa spiriti, thina wala petroli. Kioshwe kwa maji na sabuni pekee, la sivyo kitajaa mipasuko myembamba kama utando wa buibui, isiyo na dawa.

Katika kuchagua gundi, watu hukosea kwa kudhani kwamba kali zaidi ndiyo bora zaidi. Kioo cha plastiki chenye urefu wa mita 1 hurefuka takriban milimita 0.07 kwa kila nyuzijoto 1 ya Selsiasi. Kikitoka nyuzi 25 alfajiri kikafika 55 juani, kimerefuka milimita 2 hivi, ilhali alumini katika joto hilohilo hurefuka theluthi tu ya kiasi hicho. Gundi inayokauka ikawa ngumu hung'oka kwa mvutano huo wa kila siku, na gundi ya poliyurethani aghalabu huudhuru ukingo wa plastiki. Tumia silikoni ya nje isiyonuka siki. Ile inayonuka siki, ambayo huuzwa kwa ajili ya mabafu, hutoa asidi inayokula alumini.

Bandika utepe wa karatasi wa wapaka rangi pande zote mbili za mstari wa gundi. Ikiwa skrubu zinapita kwenye kioo chenyewe, panua matundu yake yazidi unene wa skrubu kwa milimita 2, ili kioo kipate nafasi ya kutanuka. Mimina silikoni mstari mmoja usiokatika, ukizungushia na kila tundu la skrubu, kisha weka vipande vidogo vya raba vyenye unene wa milimita 3 ili fremu isikamate ukuta moja kwa moja. Kaza skrubu kwa kupishana, kona kwa kona, mpaka silikoni ichomoze kidogo pande zote, kisha uache hapo. Ukiendelea kukaza, gundi yote itatoka na utabaki na utando usioweza kunyumbuka, na huu ndio uharibifu ninaouona kwenye madirisha mengi yaliyotengenezwa na kuvuja tena. Skrubu za chuma kisichoshika kutu zipakwe grisi kidogo zinapoingia kwenye alumini, kwani metali hizo mbili zikikutana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa.

Bandua utepe kabla silikoni haijafanya ngozi. Huiva milimita 2 hadi 3 kwa siku kutoka nje kwenda ndani, kwa hiyo usiiondoe boti gatini kabla ya siku tatu au nne. Rudia jaribio la mpira wa maji kwa mpangilio uleule wa chini kwenda juu, na ubao wa ndani usirudishwe mpaka boti ipige safari moja yenye mawimbi, huku mtu akiwa ndani na tochi akikagua upande wa joshini, yaani unakotoka upepo.