Kubadili aina za namba kwenye programu bila kupoteza thamani

Kabla ya kuihamisha namba, jiulize mambo mawili: aina mpya inaufikia ukubwa wake, na inaweza kuzishika tarakimu zake zote? Wengi huangalia la kwanza tu.

int, yaani namba kamili, ya biti 32 (tarakimu 32 za 0 na 1) huishia 2,147,483,647. double, aina ya namba za desimali ya biti 64, hufika mbali mno, lakini usahihi wake ni wa biti 53. Ukiiwekea 9,007,199,254,740,993 hurudi ikiwa imepungua moja. Kwa float, aina ya desimali ya biti 32, shida hiyo huanza baada ya 16,777,216 tu. Namba ndefu za utambulisho, basi, zisipite kwenye double hata kidogo. Ziweke kwenye long (namba kamili ya biti 64) au kama maandishi.

Kosa linalosumbua zaidi ni kubadili kwa kuchelewa. Chukua milisekunde za siku 30 katika Java:

long ms = 30 * 24 * 60 * 60 * 1000;

Jibu ni -1702967296. Kuzidisha kote kumefanyika kwa int, kukafurika, yaani kupita kikomo cha int, ndipo jibu bovu likaingizwa kwenye long. Anza na 30L, utapata 2592000000. Vivyo hivyo 7 / 2 hutoa 3, hata ukilipokea jibu kwa double.

Kutoka long kwenda int, tumia Math.toIntExact ya Java: thamani ikizidi kikomo cha int, programu husimama na kosa badala ya kuendelea na namba ya uongo.

Kwenye desimali, int(0.29 * 100) ya Python hutoa 28. Biti haziwezi kuiandika 0.29 kamili, hivyo jibu la kuzidisha huwa 28.999999999999996, na int hukata tu, haikadirii. Tumia round, ukikumbuka kwamba round(2.5) ni 2, maana nusu huenda kwenye namba shufwa iliyo karibu. Kwa fedha andika Decimal("0.29"), aina ya Python inayoshika desimali kamili, na alama za nukuu zisisahaulike: Decimal(0.29) hurithi kosa lilelile.

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliangamia muda mfupi baada ya kuruka, kwa sababu namba ya desimali ya biti 64 ilibadilishwa kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Katika C, double iliyopita kikomo ikigeuzwa int, lugha haiahidi jibu lolote. Kagua kwanza:

x >= -2147483648.0 && x < 2147483648.0

NaN, yaani thamani isiyo namba, nayo hunaswa hapo. Kwa biti 64, kikomo cha juu kiwe x < 9223372036854775808.0, wala usiweke <= na namba iliyo chini yake kwa moja: hiyo haimo kwenye double, itapandishwa kimyakimya na kupitisha thamani iliyozidi.