Jinsi ya kutengeneza injini ya roketi ya maji na kuipima kabla hujairusha

Wadau, tangu setilaiti ya kwanza ya Uganda yetu, PearlAfricaSat-1, ipande mwezi wa 11 mwaka 2022 vijana wengi huku Tororo wananiuliza roketi inatengenezwaje, na wengi wao swali la pili ni baruti inapatikana wapi. Ya baruti sifundishi. Kitu kigumu kinachowaka ndani ya bomba kikipata ufa kidogo tu, sehemu inayowaka inaongezeka ghafla, presha inapanda, na bomba linapasuka ukiwa umesimama pembeni, na hakuna fundi anayeweza kuuona huo ufa kwa macho. Injini ya maji na hewa inafuata kanuni ileile, unarusha kitu nyuma kwa nguvu na wewe unasukumwa mbele, na inakufundisha kupima, ambako ndiko watu wengi wanaruka.

Tafuta chupa ya soda ya lita 1.5. Nasema soda, sio ya maji ya kunywa, maana ile ya soda imetengenezwa kuvumilia gesi na ile ya maji ni laini mno. Isiwe na mkunjo wala mkwaruzo. Kwenye kifuniko toboa tundu, halafu chukua kipande kifupi cha bomba dogo la plastiki lenye uwazi wa milimita 9, pasha mdomo wake mmoja kwenye moto wa mshumaa mpaka ulegee, uupanue kama tarumbeta, uache upoe. Kipitishe kwenye kifuniko kutokea ndani, ile tarumbeta ibaki ndani ya chupa, zungushia gundi ya epoksi, subiri siku nzima ikauke. Presha ikija inaikandamiza tarumbeta kwenye kifuniko, haiwezi kuitoa nje.

Hiyo tarumbeta sio urembo, nitarudi hapo.

Kuziba na kujaza hewa, nenda kwa fundi wa bodaboda umwombe tyubu iliyokufa. Kata vali yake pamoja na raba ya mviringo kama sentimita 4. Ile raba ndiyo inakaa kwenye mdomo wa bomba lako, vali inaelekea chini kupitia tundu la kibao, na kibao kinaikandamiza juu. Upande mmoja wa kibao weka bawaba, upande wa pili uzuiwe na msumari uliofungwa kamba ya mita 10. Ukivuta, msumari unatoka, kibao kinaanguka, maji yanatoka. Sasa sikiliza vizuri hapa: bawaba na msumari vishikwe na shingo ya chupa yenyewe kwa klipu ya bomba, visishikwe na meza. Mimi nilivifunga kwenye meza, nikapoteza Jumamosi mbili, kumbe kibao kilikuwa kinaisukuma chupa juu hata kabla sijafungua na majibu yote yalikuwa ya uongo.

Kabla ya kitu kingine chochote jaza chupa maji mpaka pomoni, isibaki hewa, halafu pampu mpaka geji isome 90 psi, uiache dakika 5. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo chupa ikipasuka hapo inamwaga tu. Kazi yenyewe tutafanya kwa 45 psi, nusu ya hapo, na usipandishe hata watoto wakikushangilia. Pampu ya mguu yenye geji, mpira mrefu, na wewe uwe nyuma ya ukuta au mbao nene, miwani machoni.

Sasa kupima. Toboa meza tundu ambalo shingo inapita na mabega ya chupa yanakaa, mdomo chini. Zungushia vijiti 4 virefu ili chupa isianguke, juu ya kitako chake weka kibao kingine, juu ya kibao hicho mifuko ya mchanga ya nusu kilo nusu kilo iliyopimwa dukani. Chini ya bega la chupa bana kipande chembamba cha karatasi ya mfuko wa simenti, mwisho wake uvutwe kidogo na raba laini ya kufungia pesa. Maji nusu lita, pampu 45, vuta kamba. Injini ikinyanyua mzigo hata kwa unene wa kucha, karatasi inachomoka. Isiponyanyua, karatasi inabaki palepale imebanwa. Mzani wa mshale hauwezi kazi hii maana mambo yote yanaisha chini ya sekunde moja, mshale unaruka ovyo, ila karatasi haidanganyi. Ongeza mfuko mmoja mmoja, rudia mara 3 kila uzito, na kwenye hesabu jumlisha chupa, maji na kibao cha juu, vyote injini inavibeba.

Kwa hesabu, nguvu ya mwanzo ni mara mbili ya presha ukizidisha na eneo la tundu. Milimita 9 kwa 45 psi inakupa karibu kilo 4. Mara ya kwanza mimi nilikuwa nimetoboa kifuniko tu bila bomba, ikanyanyua kilo 2, kwa 2 na nusu ikakataa kabisa. Niliilaumu pampu, nikalaumu raba, mpaka nikaelewa kwamba maji yakifika kwenye ukingo mkali hayakunji kona vizuri, yanajibana yanatoka membamba kuliko tundu lenyewe. Nilipoweka ile tarumbeta ikanyanyua 3 na nusu, chupa ileile, presha ileile. Mpwa wangu aliikamata ile karatasi hewani akapiga kelele majirani wakatoka.

Kiasi cha maji hakibadilishi nguvu ya mwanzo, kinabadilisha muda, na kadiri yanavyotoka presha inashuka, kwa hiyo theluthi ya chupa ndiyo pazuri kuanzia. Hata Robert Goddard kule Marekani, yule aliyerusha roketi ya kwanza ya mafuta ya kimiminika, injini yake kwanza aliibana kwenye fremu Desemba 1925 akaona inaweza kunyanyua uzito wake, ndipo Machi 16, 1926 akairusha, ikakaa hewani sekunde 2 na nusu hivi.

Kila chupa iandikie kwa maka umeipampu mara ngapi. Ukiona alama nyeupe kama mikunjo kwenye mabega, ikate katikati kwa kisu hapohapo, mtoto asije akaiokota akaipampu tena.