Jinsi ya Kulinganisha Bima za Gari Texas Kabla ya Kulipa

Mteja aliyetoka Dar es Salaam, Goma au Mombasa huingia ofisini kwangu hapa Houston na swali lile lile: bima ndogo ni bei gani, na bima kubwa ni bei gani? Humwomba tuiweke bei kando kwanza, kwa sababu nchini Marekani kila jimbo lina sheria yake ya bima, na maneno hayo mawili, ingawa yanaeleweka vizuri nyumbani, hayalingani sawasawa na yaliyoandikwa katika mikataba ya Texas.

Hatua ya kwanza: zielewe namba tatu za lazima. Sheria ya Texas inamtaka mwenye gari awe na bima ya kuwalipa wengine isiyopungua 30/60/25, yaani dola 30,000 kwa kila mtu anayeumia, dola 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na dola 25,000 kwa mali iliyoharibika. Tuseme umeligonga gari jipya la dola 48,000, kosa ni lako, na gari hilo halitengenezeki tena: kampuni italipa dola 25,000, na dola 23,000 zilizobaki utadaiwa wewe. Bima hiyo hailipi hata senti moja kwa gari lako. Kwa hiyo nikiulizwa, hupendekeza 50/100/50 au zaidi, kwani mara nyingi nyongeza ya malipo huwa ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya pili: usitie saini kabla ya kujua unachokikataa. Kampuni inalazimika kukupa nafasi ya kununua kinga mbili, na haiwezi kuziondoa mpaka uzikatae kwa maandishi. Ya kwanza hulipa pale unapogongwa na mtu asiye na bima, au mwenye bima isiyotosha. Ya pili, inayoanzia dola 2,500, hulipa matibabu yako na ya abiria wako pamoja na asilimia 80 ya kipato mlichopoteza, bila kujali kosa ni la nani. Fomu za kukataa huja katikati ya karatasi nyingi, na wakala mwenye haraka husema tu, "Saini hapa na hapa." Nimewaona watu waliozikataa zote mbili bila kujua, wakagundua siku walipokuwa wamelazwa hospitali.

Hatua ya tatu: amua kuhusu gari lako mwenyewe. Kinga ya kugongana hulitengeneza gari lako hata ukiwa na kosa. Nyingine hulipa wizi, moto, mafuriko na mvua ya mawe, na anayeijua mvua ya mawe ya Dallas hatacheka. Ukiwa umelinunua gari kwa mkopo, mkopeshaji atazidai zote mbili. Gari likiwa kuukuu na ni lako kabisa, piga hesabu: chukua thamani ya gari, punguza kiasi utakachojilipia mwenyewe kabla ya kampuni kuanza kulipa, kisha uone kama kinachobaki kinastahili ada hiyo.

Hatua ya nne: sasa uliza bei, ukitumia viwango vile vile kwa kila kampuni. Tovuti ya HelpInsure, inayoendeshwa na taasisi za serikali ya jimbo, huonyesha bei za mfano na kumbukumbu za malalamiko. Bei yako halisi itategemea mahali gari linapolala, umri wako, ajali na faini za nyuma, aina ya gari na historia yako ya mikopo, ambayo Texas inaruhusu itumike ingawa California inakataza. Miaka uliyoendesha Afrika kampuni nyingi haziihesabu, jambo linalowaudhi madereva wa malori wenye uzoefu wa miaka ishirini, na sina la kuwafariji.

Mtaje kila mtu mwenye umri wa kuendesha anayeishi nyumbani kwako. Ukibeba abiria au kupeleka chakula kupitia programu ya simu, sema pia, kwa sababu mikataba mingi ya bima ya gari la binafsi hailipi ajali inayotokea ukiwa kazini. Ukificha ili upate nafuu ya dola chache, madai yako yanaweza kukataliwa yote.

Hatua ya mwisho ni tarehe. Usivunje mkataba wa zamani kabla mpya haujaanza, maana hata siku chache bila bima zinaweza kupandisha bei yako ijayo. Polisi wana mfumo wa TexasSure unaowaonyesha papo hapo kama gari lina bima, na faini ya kosa la kwanza ni kati ya dola 175 na 350, mbali na gharama za mahakama.