Ramani ya 1810 haina Ziwa Tanganyika: namna ya kukagua na kutunza ramani za zamani zilizopakwa rangi kwa mkono

Kabla hujasoma mwaka ulioandikwa pembeni, tafuta Kigoma. Ndivyo ninavyoanza kila ramani ya zamani ya Afrika inapofunguliwa juu ya meza yangu. Ramani iliyochapishwa Ulaya kati ya 1800 na 1840 haiwezi kuwa na Ziwa Tanganyika kama tunavyolijua. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita zaidi ya 670, si kitu cha kusahaulika, ila wachoraji wa London na Paris hawakuwa na habari zake za uhakika. Utakachokuta huku kwetu ni karatasi tupu, au jina la nchi lililotawanywa kwa herufi kubwa ili kujaza nafasi, au kiziwa chembamba kilichoandikwa Maravi, yaani Ziwa Nyasa la leo, kimewekwa kusini zaidi, ncha yake ya juu imeachwa wazi kwa kuwa mchoraji hakujua kinaishia wapi.

Mimi ni fundi fremu hapa Tabora. Kazi inayonilisha ni vyeti vya chuo na picha za harusi. Lakini mji huu umepitiwa na misafara, wamisionari, Wajerumani na Waingereza, na wengi wao waliacha masanduku. Mara moja moja sanduku hufunguliwa, mzee amefariki au nyumba inauzwa, na karatasi zake huishia kwangu. Siku hizi pia vijana wananunua mtandaoni.

Mmoja alinijia na ramani ndani ya bomba la plastiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Leta tuone."

"Ya 1810 hiyo, mama. Rangi ya mkono kabisa."

Nikaifungua, nikaweka kidole. Ziwa lipo, refu, limepinda kidogo, na Ujiji imeandikwa ukingoni. Nikamwambia, "Baba, Burton na Speke wamefika Ujiji Februari 1858. Huyu wa 1810 alisimuliwa na nani?" Akacheka, cheko la mtu aliyekwishalipa. Ramani yenyewe haikuwa ya kughushi. Ilikuwa karatasi halali ya atlasi ya baadaye, nzuri tu, ila aliyeiuza ameiongezea umri kwa penseli. Kijana akaitaka fremu vilevile, na nikamtengenezea.

Kwa hiyo jifunze mfuatano huu, maana sisi wa huku tunao bure. Ziwa halipo, au lipo Maravi tu: ramani inaweza kuwa ya mwanzo wa karne ya 19. Ukiona ziwa moja kubwa la ajabu limelala katikati ya nchi kama konokono aliyetolewa gambani, hilo ni la wamisionari Erhardt na Rebmann waliokuwa pwani ya Mombasa. Walikusanya habari za wafanyabiashara wa misafara, na ramani yao ikachapwa Gotha, Ujerumani, mwaka 1856. Maziwa matatu yameunganishwa kuwa moja. Ukiona ziwa refu lililo peke yake, umeshavuka 1858. Ukiona Mto Ruzizi unaingia ziwani upande wa kaskazini, ujue Livingstone na Stanley walishakwenda kuuangalia mwishoni mwa 1871. Ukiona Mto Lukuga unatoka magharibi, msafiri Cameron ameshapita, 1874. Na reli ikifika Kigoma, hiyo ni 1914 au baadaye. Usimsikilize tena muuzaji.

Upande mwingine wa bara kuna kipimo cha pili. James Rennell, mwaka 1798, alichora Afrika Magharibi safu ya milima ya Kong ambayo haikuwepo duniani. Wachoraji wenzake wakaipokea. John Cary wa London, katika ramani yake ya Afrika ya 1805, aliiunganisha na Milima ya Mwezi ikawa ukuta mmoja unaokata bara. Milima hiyo ilibaki kwenye ramani nyingi mpaka Mfaransa Binger alipopita huko miaka ya 1887 hadi 1889 asiione. Safu hiyo ikikosekana kwenye ramani inayodai ni ya 1815, usiikatae kwa hilo peke yake, ila endelea kuuliza maswali.

Sasa geukia karatasi. Hapa ndipo watu wengi wana haraka, nami ndipo ninapokaa muda mrefu.

Ramani za wakati huo zilichongwa kwenye bamba la shaba. Wino ulijazwa kwenye mikwaruzo, bamba likafutwa, kisha karatasi iliyoloweshwa ikabanwa juu yake kwa nguvu nyingi. Nguvu ile huacha alama ya mbonyeo kuzunguka ramani yote, nje kidogo ya mpaka wa mchoro. Pitisha kidole taratibu, au laza tochi pembeni ili mwanga uje ubavuni: utaona ukingo wa bamba. Kingo zikiwa zimekatwa, alama imekwenda nazo, basi tumia lenzi. Mstari uliochapwa kwa shaba ni wino mzima, mweusi, umesimama juu ya karatasi kidogo, na mwisho wake huchongoka. Ukiona vidotidoti vya rangi vimepangwa kama kwenye gazeti, hiyo ni nakala ya juzi. Funga bomba.

Inua karatasi uielekeze dirishani. Karatasi za zamani zilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, ndiyo maana zimedumu kuliko vitabu vyetu vya shule. Nyingine zina mistari myembamba iliyosongamana, inayokatwa na mistari iliyoachana. Nyingine, hasa za Uingereza za wakati huo, ni laini hazina mistari. Tafuta alama ya maji. Kuanzia 1794 watengenezaji wengi wa Uingereza walianza kutia mwaka pamoja na jina, na la Whatman ndilo utakalokutana nalo zaidi. Hapa pana ujanja mzuri: sheria ya Uingereza ya 1735 ilitaka mchongo uwe na jina la mwenye nao na tarehe, lakini bamba la shaba lilitumika miaka mingi. Ramani inaweza kusema 1805 chini, na karatasi ikasema 1816. Amini karatasi.

Kama una jirani wakala wa fedha, muazime ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Iwashe gizani juu ya karatasi. Karatasi ya kisasa iliyotiwa dawa ya weupe hung'aa bluu kali. Ya matambara hubaki imepooza. Mimi ninayo yangu sasa, baada ya jirani kuchoka kuniazima.

Rangi ndiyo raha ya kazi hii. Karne ya 19 ilipoanza, rangi haikuchapwa. Ramani ilitoka nyeusi mashineni, ikapelekwa kwa wapaka rangi, mara nyingi wanawake na watoto, wameketi mezani na brashi na rangi za maji. Atlasi ya bei nafuu ilipakwa mipaka tu, ukanda mwembamba wa waridi, njano, kijani. Ya bei kubwa ilijazwa nchi nzima. Rangi zilikorogwa na gundi ya mgunga, gundi ileile inayotoka Sudan, na ndiyo sababu tone la maji likiigusa rangi huyeyuka hata leo.

Chukua lenzi uangalie ukanda wa mpaka. Brashi ya mtu husitasita: mahali fulani rangi ni nzito, alipoanzia, kisha inafifia, halafu anachovya tena na uzito unarudi. Mahali kwingine ameruka mstari akafunika kisiwa. Mashine hairuki hivyo. Halafu geuza karatasi. Kijani cha zamani mara nyingi kilikuwa kutu ya shaba, nacho hula karatasi polepole. Nyuma yake utakuta mstari wa kahawia unaofuata mpaka uleule uliopakwa mbele. Kahawia ile haipatikani kwa wiki moja. Pasipokuwepo si ushahidi wa uongo, kwa kuwa kijani kingine kilichanganywa kwa bluu na njano, ila inapokuwepo moyo unatulia.

Angalia pia mkunjo wa katikati. Ramani za atlasi zilikunjwa na kushonewa kwenye ukanda wa karatasi uliobandikwa nyuma. Pale karatasi ilipochanika kwa kukunjwa miaka mingi, rangi ya asili imevunjika pamoja nayo. Rangi ikiwa imezama ndani ya ufa, imepakwa baada ya ufa. Kuna watu wanaonunua ramani nyeusi-nyeupe na kuzipaka leo ili zipande bei. Si kosa kupaka, kosa ni kutosema. Na wewe uliyerithi ramani isiyo na rangi, tafadhali iache hivyohivyo, haijakosa kitu.

Kutunza. Nitaanza na makatazo kwa sababu ndiyo yanayookoa. Usipeleke ramani laminesheni. Nimeletewa moja iliyolaminishwa kwa upendo kabisa na wajukuu, na hakuna nilichoweza kuifanyia. Usibandike selotepu, gundi yake huingia ndani na kuacha ukanda wa njano usiotoka. Usipige pasi. Usifute kwa kitambaa chenye maji, maana rangi itahama. Usipulizie dawa ya mende juu ya karatasi. Vumbi letu jekundu la Septemba liondoe kwa brashi laini kavu, ukianzia katikati kwenda nje, na mahali penye mpasuko paruke.

Kigoma na Tabora si sawa. Kule ziwani unyevu ndio adui: kuvu, karatasi kujaa mawimbi, madoa ya kahawia kuongezeka. Dada yangu yuko Mwanga ya Kigoma, ramani yake ameitundika ukuta wa ndani, siyo ule unaopigwa na mvua, na nyuma ya fremu tumebandika vipande vya kizibo kila pembe ili hewa ipite. Huku Tabora kiangazi hukausha karatasi ikawa rahisi kuvunjika mkunjoni, kisha Novemba mvua inaanza na mchwa wanapanda. Sanduku lisikae sakafuni, hata kama sakafu ni ya saruji.

Fremu ya mninga inafaa, miti tunayo. Lakini mbao isiguse karatasi, wala hadibodi isiiguse. Kata kadi ya pamba, isiyo na asidi, mbili: moja nyuma, moja mbele yenye dirisha. Ya mbele ndiyo inayozuia kioo kuigusa rangi. Kioo kikigusa, jasho la mvua la kwanza litavigundisha. Kuishikiza ramani, njia salama kuliko zote ni pembe nne za karatasi, zile za albamu za zamani, zilizobandikwa kwenye kadi, ramani ikachomekwa tu bila gundi.

Ramani kubwa hushuka kwa uzito wake, hivyo huhitaji bawaba mbili juu. Bawaba ni vipande vya karatasi nyembamba ya Kijapani ya mforosadi, agiza, usitumie tishu. Gundi nitakupa. Kanda unga wa ngano na maji upate donge gumu, liache dakika ishirini, kisha lisugue ndani ya bakuli la maji mpaka maji yawe meupe na mkononi kibaki kitu cha kunyumbuka. Hicho kitupe, ndicho wadudu wanachokipenda. Maji meupe yachuje, yaache yatulie usiku. Asubuhi mwaga maji ya juu, chini kuna wanga. Upike kwa moto mdogo na maji safi, ukikoroga bila kuacha, mpaka ugeuke kutoka mweupe kuwa wa kupitisha mwanga. Upoe, uchuje kwa kitambaa, upake kidogo mno. Gundi hii hubanduka kwa unyevunyevu mdogo hata baada ya miaka, na atakayefuata baada yako atakushukuru. Usipike nyingi, siku ya tatu inanuka.

Tundika mbali na jua la saa kumi. Bluu na waridi hufifia kimyakimya, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Ukibahatika kupata atlasi nzima, mfano ile ya Cary ya 1808 au ya John Thomson wa Edinburgh ya 1817, neno langu ni moja: usiikate. Wauzaji huzikata kwa sababu ramani moja moja huuzika haraka, na ndiyo maana zilizobaki nzima zinapungua. Ifungulie juu ya khanga mbili zilizokunjwa, kila jalada na yake, mgongo usilazimishwe kulala. Hesabu ramani ukilinganisha na orodha ya mwanzoni. Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma. Kisha chukua penseli, siyo kalamu, uandike kwenye karatasi ya pembeni, si kwenye atlasi yenyewe: ilitoka kwa nani, ilikuwa nyumba gani, nani aliileta. Karatasi hiyo iweke ndani ya jalada la mbele. Mjukuu akija kuuza, muuzaji wa Dar hatamwandikia mwaka wake.