SOMO: Kuzuia barua za matangazo zinazoletwa majumbani, kwa tunaoishi Marekani

Wakuu, kwetu Afrika barua huishia S.L.P., kwa hiyo anayetaka kukutangazia biashara huja mtaani na gari la kipaza sauti. Huku kila nyumba ina sanduku lake, na kampuni zikituma kwa wingi posta inazipunguzia bei. Matokeo yake ni katalogi, kuponi za pizza na ofa za kadi za mikopo ambazo hukuomba. Wengi wetu tunazitupa kwenye pipa la karatasi na kuona tumeshatunza mazingira. Lakini mti umeshakatwa, wino umeshatumika na lori limeshachoma mafuta. Kinachosaidia ni jina lako kufutwa kwenye orodha za watumaji.

Hatua ya 1. Anza na ofa za kadi, maana hizi zina hatari nyingine: mtu akiiokota bahasha anaweza kujaribu kufungua akaunti kwa jina lako. Orodha za majina hutoka kwa kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya watu, yaani Equifax, Experian, TransUnion na Innovis, na sheria ya shirikisho inakupa haki ya kuzizuia. Ingia OptOutPrescreen.com au piga 1-888-567-8688. Zuio hilo ni la miaka 5. Ukitaka la kudumu, kuna fomu ya kuchapisha, kusaini na kutuma kwa posta. Ndiyo, karatasi ya kuzuia karatasi, itume tu.

Hatua ya 2. Katalogi. CatalogChoice.org ni bure: unatafuta kampuni, unaomba ikuondoe. Usiitupe katalogi kwanza, kwa sababu namba ya mteja huwa karibu na anwani. Na hapa sisi tuna kazi ya ziada, kwani majina yetu yanavurugwa sana. Mwanahamisi anaandikwa Mwana Hamisi, la baba linageuka la kwanza, na kwenye kompyuta zao hao ni watu wawili. Ombi liandike kwa jina lilivyochapishwa, makosa yakiwemo, na kila tahajia iombewe peke yake. Ukirekebisha jina, unaweza kumwondoa mtu ambaye hayupo kwenye orodha yao.

Hatua ya 3. Kwa matangazo mengine yenye jina lako, jiandikishe DMAchoice.org: ada ni dola chache, na zuio ni la miaka 10. Haigusi kampuni ambazo wewe ni mteja wao. Hao wapigie simu mwenyewe.

Hatua ya 4. Ziba mlango. Keshia akikuuliza anwani, si lazima umpe. Fomu za kushinda gari pale kwenye maduka makubwa, achana nazo kabisa.

Majina hayatoki siku hiyo hiyo. Barua zilizokwisha kuandaliwa zitaendelea kuja kwa wiki kadhaa.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Columbus: Mkuu, mimi naandika "Return to Sender" (irudishwe kwa mtumaji) na kurudisha sandukuni. Si inatosha?

Jibu: Tazama pale penye stempu. Ikiwa pameandikwa PRSRT STD, yaani barua za wingi za bei iliyopunguzwa, kwa kawaida posta hairudishi, inatupa, na mtumaji hapati habari. Ila ikiwa ni First-Class, yaani ya daraja la kwanza, na hujaifungua, andika "Refused" (imekataliwa); itarudi bila wewe kulipa.

Mdau wa Houston: Na zile za "Current Resident" (mkazi wa sasa)?

Jibu: Hizo ndizo sugu, dada. Hazina jina la kufuta, na hata ukibandika kibandiko cha kukataa matangazo hakimzuii mleta barua, kwa sababu zimelipiwa. Soma maandishi madogo ujue nani katuma. Valpak, watumaji wa bahasha za kuponi, kwa mfano, wana ukurasa wa kujiondoa.

Mdau wa Minneapolis: Baba mkwe alifariki, lakini katalogi zake bado zinakuja. Mama zinamuumiza.

Jibu: Poleni sana. DMAchoice wana orodha maalumu ya marehemu; unaweza kumwandikisha wewe kama ndugu. Zile za kampuni alizokuwa mteja wao, wapigie moja kwa moja.

Mdau wa London: Shikamoo mwalimu. Sisi wa Uingereza je?

Jibu: Marahaba. Barua zenye jina lako zizuie kupitia Mailing Preference Service, ni bure. Vipeperushi visivyo na jina vinavyoletwa na Royal Mail, posta ya huko, vina fomu yake, omba ya Door to Door. Kwa wanaogawa kwa miguu, bandika kibandiko mlangoni. Wengi huheshimu, wauza pizza ndio wagumu.